Radhi kwa Ajili ya Mwezi wa Zohali

Mwalimu hakuwa mtu wa kuomba radhi. Mkewe alikuwa akisema kwamba mumewe akikukanyaga mguu atakuuliza kwa nini uliuweka pale, na sisi majirani zao wa mtaa wa Rasbura tulicheka kwa sababu kila mmoja wetu alishakanyagwa. Kwa hiyo alipoanza kupita nyumba hadi nyumba na kanzu iliyopigwa pasi, tulielewa mara moja kwamba anakwenda Hija. Kwetu ndivyo ilivyo. Anayekwenda Makka huwazungukia watu kwanza, anawaomba wamsamehe, nao wanamsamehe na kumwomba awaombee dua huko aendako. Hakuna anayeuliza amesamehe nini. Unasema umemsamehe, na yeye anakusamehe, mnapeana mikono, mgeni anakunywa chai, anaondoka.

Mwalimu aliuvuruga utaratibu huo. Alikaa kitini, akaikataa chai, akalitaja kosa lenyewe. "Nilikufundisha kwamba miezi ya angani yote imekufa," alisema. "Si kweli. Upo mwezi wa sayari ya Zohali unaorusha maji juu mpaka angani. Naomba radhi."

Watu hawakujua waweke wapi macho. Wengine walidhani umri umemfikia. Bwana mmoja, fundi pikipiki ambaye alisoma kwake zamani, alimsindikiza mpaka barabarani akamshika mkono kama unavyomshika mgonjwa, kisha akarudi kuniuliza mimi jirani kama nyumbani kwa Mwalimu kuna amani.

Amani ilikuwepo. Asiyekuwa nayo sasa ni mimi. Mwalimu siku hizi anaishi kwa bintiye Dar es Salaam, nyumba yake ina wapangaji, na kila nikipita mbele ya baraza lake naona aibu mpya kabisa, kama ya asubuhi hii. Ndiyo maana nimekaa kumwandika.

Alinifundisha Jiografia darasa la tano na la sita, hapa hapa Lindi. Baadaye nikawa mwalimu, nikapangiwa shule ileile, nikakaa naye chumba kimoja cha walimu mpaka alipostaafu. Hata hivyo sikuwahi kumwita mwenzangu. Kwangu alibaki Mwalimu, nikimwamkia shikamoo huku nimeficha mikono nyuma, na yeye akiitikia marahaba huku ananikagua kucha.

Alikuwa hapendi chaki ivunjike. Vipande vidogo ambavyo wengine wetu huvikanyaga, yeye aliviokota na kuvitia katika kopo la kahawa, akaviandikia mpaka vidole vyake vinakwaruza ubao. Hakuvumilia mtu aliyeegemea ukuta. Alifika shuleni kabla ya mlinzi hajaamka, na mvua ilipomkamata njiani, kule kwenye mashamba ya chumvi, hakukimbia hata siku moja, kwa kuwa mwalimu akikimbia watoto watafanya nini? Aliingia darasani ameloa, akafundisha ameloa. Kitu kimoja tu kilimwondolea heshima hiyo, nacho ni bahari. Mtu aliyezaliwa na kukulia pwani alikuwa hajui kuogelea, na akipanda kivuko cha kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba yetu, alishika chuma kwa mikono miwili, amefumba macho, midomo inacheza kwa dua. Vijana walikuwa wakimsogelea makusudi kumsalimia ili waone kama atafumbua. Alikuwa anaitikia bila kufumbua.

Nisimpambe. Alikuwa mkali kupita kiasi, na ukali wake haukuwa wa fimbo tu. Matokeo ya mtihani aliyasoma mwenyewe siku ya paredi, tena alianza na wa mwisho. Shule nzima imesimama juani, yeye anataja jina, anamtaka mtoto atoke mbele ageuke tumwone. Wa kwanza alitajwa mwishoni kabisa, wakati watu wamechoka na hakuna anayepiga makofi vizuri. Alisema anatufundisha kuona haya. Tuliona haya kweli, baadhi yetu tukaona haya mpaka leo.

Lakini mtu huyohuyo, baba yangu alipoamua kwamba elimu ya msingi inanitosha, alikuja kwetu akaketi kizingitini. Hakuingia ndani, hakunywa maji. Baba alimkaribisha, akamkaribisha tena, mwisho akakasirika.

"Mwalimu, mbona unanifungia mlango wangu?"

"Na wewe mbona unamfungia wa kwake?" Mwalimu alimjibu. "Huyu akikaa nyumbani utanieleza mimi, hutamweleza yeye."

Alikaa pale mpaka majirani wakaanza kuja kuuliza kulikoni, na baba, ambaye hakupenda makundi ya watu mlangoni kwake, akakubali. Kwa hiyo kila chaki niliyoishika tangu hapo, namna moja au nyingine, ni yeye aliyenipa. Nilitaka hilo lijulikane kabla sijafika mbali.

Sasa nieleze lile somo lenyewe. Somo la mfumo wa jua alilipenda kuliko yote, na alilifundisha kwa kuitikiana. Wakaguzi walikuwa wakifurahi sana wakilikuta darasa linaitikia kwa pamoja, na yeye alijua kupanga maneno yakapatana na makofi. Alikuwa anauliza, "Miezi?" Sisi tunapiga kofi moja, "Imekufa!" Anauliza, "Yote?" Tunapiga la pili, "Yote!" Kisha anainua mkono, anatungoja kidogo, anauliza, "Iliyo hai?" Na sisi kwa nguvu zote, "Dunia peke yake!" Maneno hayo hayakuwa katika kitabu chochote. Aliyatunga yeye. Kitabu kilisema tu kwamba sayari nyingi zina miezi, kikaishia hapo. Lakini nani alikumbuka kitabu kilisema nini? Tulikumbuka makofi.

Simu ndiyo iliyomletea balaa. Alipostaafu, bintiye alimpa simu janja aliyoacha kuitumia, na mwanzoni aliitumia kwa tochi na adhana tu. Kisha akagundua kwamba anaweza kusoma. Siku moja baada ya Alasiri alikuja kwangu, simu imefungwa kwenye leso, akaifungua mbele yangu na kuniambia nitazame. Ilikuwa picha ya mpira mweupe kwenye giza, na chini yake, upande wa kusini, michirizi ya mwanga inatoka kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa vibaya.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Mwezi, Mwalimu. Unatoa moshi?"

"Hii picha imetengenezwa," alisema kwa hasira, akaifunga tena kwenye leso, akaondoka.

Haikuwa imetengenezwa, na yeye alikwenda kulithibitisha hilo mwenyewe, kwa sababu uvivu wa kusoma hakuwa nao. Alisoma na kusoma. Akakuta kwamba mwezi huo unaitwa Enseladusi, mdogo tu, upana wake ni kama safari ya basi kutoka hapa hadi Dar na kidogo zaidi. Juu ni barafu tupu. Chini ya barafu ipo bahari, tena ya maji ya chumvi, na katika ncha ya kusini barafu imepasuka nyufa ndefu ambamo maji hurukia nje, yakaganda yakiwa angani. Mengine huanguka tena kama unga mweupe, mengine hayarudi, yanakwenda kuwa pete mojawapo ya Zohali. Chombo cha angani kilishapita katikati ya mnyunyizo huo kikauonja. Akakuta pia kwamba Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ina mwezi unaotema moto wa volkano kila wakati, na kwamba mbali kabisa, kwenye Neptuni, upo mwezi wa baridi isiyosemeka ambao nao umeonekana ukirusha moshi mweusi kutoka kwenye barafu yake. Na lililomuuma kuliko yote, baadhi ya hayo yalikuwa yanajulikana wakati yeye bado ni kijana, kabla hajatufundisha sisi kupiga makofi.

Akaacha kuja barazani. Tukadhani anaumwa. Mkewe alinivizia nikitoka kuchota maji akaninong'oneza.

"Mwanangu, hebu niambie wewe uliyesoma. Huko Zohali kumetokea nini? Mwenzangu hali, halali."

"Kuna maji, Mama."

"Maji?" Alinitazama. "Maji tu ndiyo yanamkosesha usingizi?"

Nilicheka. Mkewe hakucheka, alikuwa anamjua mumewe kuliko mimi. Mwalimu aliporudi barazani alikuwa amekonda kidogo, na alikuwa amebadilika namna moja ambayo sote tuliiona. Alianza kusema "sijui." Ukimuuliza jambo, mtu ambaye zamani alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali, sasa alinyamaza kwanza. Nilimuuliza kuhusu mwezi mwingine wa Mshtarii, ule Europa, kama nao unarusha maji. "Huo una bahari chini ya barafu, karibu wote wanakubaliana," alisema. "Ya kurusha bado wanachunguza. Usiende ukasema nimekwambia unarusha."

Jioni hizo ndizo nilizozipenda katika maisha yetu ya ujirani. Nilikuwa nikimaliza kusahihisha madaftari ninavuka njia, mkewe ananipa kikombe, na Mwalimu ananifundisha upya. Ninyi mnaokaa mbali na bahari huenda likawapa tabu, lakini kwetu hakuna asiyejua kwamba mwezi huyavuta maji, yakajaa na kupwa. Alianzia hapo. Akasema kule mambo yamegeuka, sayari kubwa ndiyo inayouvuta mwezi mdogo. Njia ya mwezi ule si duara kamili, kwa hiyo ukikaribia Zohali unabanwa, ukienda mbali unaachiwa, unabanwa tena, unaachiwa. Mkewe alikuwa anakanda unga wa chapati karibu yetu, na Mwalimu akamwomba asimame kidogo, akanishika mkono akanitia vidole kwenye donge. "Umeona? Mwezi mzima unakandwa hivi." Kisha akachukua waya wa kutundikia nguo, akanipa niukunje na kuukunjua mahali pamoja mpaka ukapata moto ukaniunguza kidole. Ndipo akatulia. "Joto linatoka wapi? Hakuna jua la maana kule. Linatoka kwenye kukandwa."

Nilimwelewa vizuri kabisa. Niliuliza maswali, nilishangaa, niliwasimulia ndugu zangu kwenye simu. Nikawa napenda hata lile jina gumu, nalitamka njiani peke yangu.

Jina lake lilipotoka kwenye orodha ya wanaokwenda Hija, ndipo akaanza ile mizunguko. Aliniomba nimsindikize pale ambapo safari ilikuwa ndefu, na mimi nilikwenda kwa sababu ilikuwa likizo, na kwa sababu, niseme ukweli, nilitaka kuona watu watasema nini. Sokoni muuza samaki mmoja, mama mnene mchangamfu, alimsikiliza mpaka mwisho huku anaparua magamba. "Mwalimu wangu, mwezi wa hapa tu ndio unaonijulisha leo nitapata samaki au sitapata. Huo wa mbali nimeusamehe, na wewe nimekusamehe, nenda salama." Vijana wa bajaji walikuwa nyuma yetu wanachekana. "Mzee anazingua," mmoja alisema, wala hakujitahidi kupunguza sauti. Mwalimu alimgeukia akamuuliza alisoma shule gani, na aliposikia si yetu akamwambia, "Basi wewe sikukukosea," akaendelea na safari.

Alikwenda Kilwa Masoko peke yake, alikoanzia kazi. Rondo tulikwenda pamoja, tukapanda mlima kwenye ukungu hadi shambani kwa mkulima mmoja Mkatoliki aliyepata kusoma kwake alipokaa mjini kwa shangazi yake. Yule bwana alifikiri kwanza tumeleta habari ya msiba. Alipoelewa, akakuna kichwa.

"Mwalimu, mimi ni Mkristo. Sasa hiyo radhi nakupa kwa namna gani?"

"Nipe unavyoijua wewe."

Akafikiri. Akavua kofia, akapangusa mkono kwenye suruali, akampa Mwalimu mkono bila kusema kitu, na wakakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyokaa mikono ya watu. Tulipoaga tulipewa mkungu wa ndizi ambao Mwalimu aliubeba mwenyewe.

Katika mji wa Mtama haikuwa hivyo. Tulimkuta mama mmoja wa rika langu, mfanyabiashara wa ufuta na korosho, ametandika magunia mbele ya duka. Alitukaribisha vizuri, alituletea viti. Alisikiliza ile habari ya Zohali bila kupepesa.

"Hilo la miezi silikumbuki, Mwalimu," alisema. "Ninachokumbuka ni paredi. Ulinitoa mbele, wa mwisho. Ukaniambia nigeuke. Na muhula uliofuata ukanitoa tena. Hilo mbona hukulitaja?"

Mwalimu alikuwa ameshika vidole vyake.

"Sikulijua kuwa ni kosa," alisema. "Nalitaja sasa. Naomba radhi na kwa hilo."

"Leo siwezi," yule mama alisema, bila ukali wowote. "Nikisema nimekusamehe nitakuwa nimesema tu kwa mdomo. Nenda Hija yako, Mungu akupokee. Ukirudi pengine nitakuwa tayari."

Tulirudi Lindi kwenye gari iliyojaa magunia. Nilitaka kumfariji, nikaanza kusema kwamba ile ilikuwa zamani, na walimu wote walikuwa hivyo. Aliniinulia mkono ninyamaze. "Ana haki," alisema. Jioni ile ndipo nilipoona kwamba lile la miezi alilianza kwa sababu lilikuwa kosa analoweza kulibeba, nalo likawa linamfungulia mengine asiyoweza. Nilimhurumia, na moyoni nikajiona mtu mzuri kidogo. Mtu mwenye huruma, anayemsindikiza mzee wake. Nalikumbuka hilo kwa sababu ya yaliyofuata.

Shule zilipofunguliwa, na safari yake imekaribia, aliniomba jambo moja. Alitaka kuingia darasani mara ya mwisho. "Hao hawajanikosea wala sijawakosea," alisema. "Nataka niwafundishe vizuri mara moja tu, halafu niende." Mwalimu Mkuu alikubali kwa furaha, na mimi nilimpa darasa langu la tano. Nililipanga vizuri. Niliwaambia watoto wanyoe, wafue, nikaleta maua. Mwalimu alikuja na ile kanzu, mfukoni ana waya.

Watoto walisimama wakamwamkia. Akawaambia wakae. Akatazama ubao, akatabasamu alipoona vipande vidogo vya chaki ukingoni, kisha akaanza polepole, kama anayeionja sauti yake.

"Nataka kujua mmefika wapi. Miezi ya sayari nyingine, mmefundishwa kwamba ikoje?"

Sikuwa nimefikiria. Naapa sikuwa nimefikiria. Niliona nyuso zao zinachangamka, kama nyuso za watoto wanaoulizwa wanachokijua kwa raha, na mikono inainuka, na hata hapo sikutambua kinachokuja. Wakapiga kofi moja. "Imekufa!" Hawakungoja waulizwe la pili. "Yote!" Na la tatu, darasa zima, wengine wamesimama, "Iliyo hai, Dunia peke yake!"

Niliwafundisha mimi. Muhula uleule wa zile jioni barazani. Jioni nilikuwa natia kidole kwenye donge la chapati, naungua kwa waya, nalitamka jina la Enseladusi njiani, na asubuhi nikiingia darasani mdomo ulifunguka wenyewe ukatoa kile ulichozoea. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu bila kukutana hata mara moja.

Mwalimu kwanza alitabasamu, maana aliyatambua maneno yake. Tabasamu likaondoka polepole. Kisha akanitazama. Macho yake hayakuwa na ukali, na ningeshukuru kama yangekuwa nao. Nilitamani kuegemea ukuta.

"Watoto," alisema, "wimbo huo ni wangu. Nilimfundisha mwalimu wenu alipokuwa mdogo kama ninyi. Alikuwa hajui, akaniamini. Yeye hana kosa. Kosa ni langu, na ninawaomba mnisamehe."

Mtu aliyesoma majina ya wa mwisho mbele ya shule nzima alinisitiri. Watoto wakapaza sauti wakamwambia wamemsamehe, Babu, na yeye akatoa waya, akawafundisha, akawafundisha vizuri kuliko alivyowahi kunifundisha mimi. Waliukunja waya wakapiga kelele ulipowaunguza. Mmoja aliuliza kama samaki wapo kule chini, akajibiwa kwamba hakuna anayejua, na mtoto yule akafurahia jibu hilo. Mimi nilisimama nyuma karibu na maua niliyoyaleta. Sikusikia nusu ya yaliyosemwa.

Alipomaliza nilimfuata nje, kwenye kibaraza.

"Mwalimu, nisamehe."

Alikuwa anaukunjua waya ule taratibu, anajaribu kuunyoosha. "Zile jioni," alisema, "ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa unanipa moyo?"

"Nilikuwa nasikiliza, Mwalimu. Nilielewa yote."

"Basi?"

Nilisema sijui, nikaona neno hilo kwangu halina heshima liliyokuwa nayo kwake.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini nimewaambia wale watoto kwamba ulikuwa hujui. Nimesema uongo humo ndani, nami naondoka kesho kutwa. Siwezi kwenda nao kule. Uniondolee."

"Unataka niseme mbele ya watoto?"

Mzee yule alikuwa amepanda mpaka Rondo, amekaa mbele ya magunia kule Mtama, amechekwa sokoni, na mimi namuuliza swali kama hilo. Niligeuka nikarudi ndani kabla hajalazimika kunijibu. Alikuja nyuma yangu akasimama mlangoni.

Watoto walisimama. Niliwaambia wakae, sauti yangu ikatoka nyembamba. Nikasema kwamba Mwalimu amewaambia jambo moja ambalo si sawa, na amelisema kwa kunihurumia. "Yeye alipofundisha alikuwa hajui," nilisema. "Mimi nilikuwa najua. Nilijua habari ya maji yale muda mrefu, na bado niliwafundisha mpige makofi. Naomba mnisamehe."

Nilitegemea wataitikia kwa pamoja, kama walivyomwitikia yeye, na yaishe. Hawakuitikia. Msichana mmoja wa benchi la mbele, mpole, ambaye kwa kawaida haniulizi kitu, akainua mkono. Nikamruhusu.

"Sasa Mwalimu, kama ulikuwa unajua, kwa nini hukutuambia?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu, na wenzake wote walinigeukia. Nilitafuta jibu ambalo halingekuwa uongo mwingine. Nikamtazama Mwalimu pale mlangoni, maana alishaniokoa mara moja. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu asiyetaka neno limpite, anangoja jibu langu pamoja nao.